KUMWACHISHA KAZI MTUMISHI: NI LINI HAKI, NA NI LINI DHULMA?



Miongoni mwa masuala yanayowatia watu wa miji yetu ya pwani katika taabu ya moyo, na ambayo ni nadra kuandikwa, ni hili: mwenye duka, au mwenye chombo, au mwenye karakana ya mbao, ana mtumishi ambaye kazi yake haiendi vizuri. Je, amwache au amtoe? Na akimtoa, amtoe lini na kwa njia gani? Wako wanaolijibu suala hili kwa upesi. Mmoja husema, "Duka ni langu na pesa ni zangu, nimtakaye humweka, nisiyemtaka humtoa." Mwingine husema, "Riziki ni ya Mungu, nami sitakuwa sababu ya kumkatia mwenzangu riziki yake, na akae." Majibu haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali kama mashariki na magharibi, lakini kwa mwenye kuyatazama vizuri ni ndugu wawili. Yote mawili yamemwepusha msemaji na kazi ya kufikiri. Wa kwanza hataki kuulizwa sababu, na wa pili hataki kuitafuta.

Nasi twaona kuwa suala hili halina jibu la neno moja, ila lina mizani. Mwenye kuishika mizani hiyo aweza kumwachisha mtu kazi na nafsi yake isimsute; na mwenye kuiacha aweza kumweka mtu kazini miaka 20, na miaka yote hiyo akawa anamdhulumu yeye na wengine pamoja naye.

Tuanze na asili ya jambo. Kuajiri ni mapatano ya watu wawili. Mmoja atoa kazi ya mikono yake au ya akili yake kwa muda ujulikanao, na mwingine atoa ujira ujulikanao. Aliyeajiriwa hakuuza nafsi yake. Ameuza saa zake. Na aliyeajiri hakutoa sadaka, amenunua kazi. Tukiyashika haya mawili tutaona walipokosea wale wawili tuliowataja. Asemaye "duka ni langu" amesema kweli juu ya duka, na mizani, na makabati, na magunia ya mchele. Lakini mtumishi hakuandikwa katika hesabu ya mali za duka. Na asemaye "na akae" amegeuza ujira kuwa sadaka bila ya kumwambia mwenye kuipokea, naye apokeaye adhani kuwa ni jasho lake.

Lugha yetu wenyewe imehifadhi khabari ya kale juu ya jambo hili. Neno kibarua asili yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Jua likitua mapatano yamekwisha, na kesho ni siku nyingine. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi watu wengi katika bandari ya Mombasa, na udhia wa maisha yale ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta mgomo mkuu wa mji huo mwezi wa Januari 1947. Tangu siku hizo imebaki vichwani mwa wengi fikira ya kwamba mtu wa kutwa hana haki ila ujira wa kutwa, na kwamba kumwambia "kesho usije" ni jambo lisilo na swali. Lakini Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 37, imeweka kuwa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja ahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na haki za mtu wa mwezi zamfikia. Basi yule mchukuzi wa magunia ajaye kila siku tangu Ramadhani iliyopita, ambaye tajiri wake humwita "kibarua tu," si kibarua tena. Ni mtumishi wa mwezi ambaye hakuandikiwa mapatano yake.

Sasa na tumtazame yule mwenye huruma, kwani kosa lake ni gumu kuonekana kwa sababu limevaa nguo nzuri. Chukua duka lenye watumishi wanne. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi. Watatu huja kwa wakati wao, na wa nne huja saa nne. Watatu huteremsha mizigo, hupanga, hufagia, na huwajibu wateja wa asubuhi. Wa nne hukuta kazi imekwisha. Mwisho wa mwezi wote wanne hupokea sawa. Tajiri ajisifu kuwa ana moyo mwema. Lakini ni nani aliyetoa huo wema? Saa mbili za kila siku za yule mchelewaji zimelipwa na migongo ya wenzake watatu. Tajiri amekuwa kama mtu atoaye sadaka kwa mkono wa kushoto pesa alizozichukua kwa mkono wa kulia katika mfuko wa jirani.

Na jambo hilo lina matokeo ambayo kila mfanya biashara ameyaona. Katika wale watatu, wa kwanza kuondoka huwa ni yule aliye bora, kwa sababu yeye ndiye awezaye kupata kazi mahali pengine. Halafu huondoka wa pili yake. Tajiri hubaki na yule mchelewaji, na pamoja naye mmoja aliyekwisha jifunza kuwa bidii haina malipo. Ndipo husema, "Siku hizi hakuna watu wa kazi." Watu wa kazi wako, yeye ndiye aliyewatoa, mmoja mmoja, bila ya kutamka neno la kuwatoa.

Jambo hili ni zito zaidi pale ambapo mwenye kudhurika hawezi kuondoka. Fikirini juu ya mwalimu wa chuo ambaye hafundishi. Huja akiwa amechoka na shughuli nyingine, huwaachia wakubwa wawasomeshe wadogo, na mtoto hukaa miaka mitatu asijue kuunga herufi. Wazee wa kamati wajua. Lakini wasema, "Maskini, ana watoto sita, tumwache." Watoto wake sita wamehesabiwa. Je, watoto 40 waketio mbele yake kila siku, na wazazi wao watoao ada, nani amewahesabu? Miaka ya utoto haina badala. Kilichopotea ndani yake hakinunuliwi tena. Kama kamati imemhurumia mwalimu, na imsaidie kwa pesa zao, wamtafutie kazi aiwezayo, wamchangie mtaji wa biashara ndogo. Kumpa darasa la watoto kuwa ndiyo msaada wake ni kuwatoza watoto deni wasilolikopa.

Tukisha kujua kuwa kumweka mtu kwaweza kuwa dhulma kama kumtoa, hatuna budi kujua makosa yenyewe, maana si yote ya namna moja. Katika kisa cha Nabii Musa na yule mzee wa Madyan, kilichotajwa katika Suratul Qasas, binti alimnasihi babake amwajiri Musa kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Wanavyuoni wamezifanya sifa hizi mbili kuwa ndizo nguzo za kila kazi. Ibn Taymiyya, aliyeandika juu ya uongozi wa watu, alitambua kuwa ni nadra zote mbili kukutana kwa ukamilifu katika mtu mmoja. Kwa hiyo kila kazi itazamwe yahitaji zaidi ipi. Mlinda mali awe mwaminifu kwanza. Kiongozi wa vita awe hodari kwanza. Nasi tukizifuata sifa hizo tutaona kuwa mtumishi mwenye kasoro hakosi kuwa mmoja wa watu wanne: asiyejua, asiyeweza, asiyetaka, na asiyeaminika. Tajiri mwenye kuwachanganya wanne hawa akawapa hukumu moja ni kama mganga mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa.

Asiyejua dawa yake ni kufundishwa. Karani aliyeweka daftari kwa mkono miaka 15 akapewa kompyuta Jumatatu na kukemewa Alhamisi hakukosa. Kijana aliyewekwa dukani na asionyeshwe namna ya kupokea malipo ya simu na kuyaandika, kisha hesabu zikachafuka, hakukosa. Mwenye kukosa ni aliyemkabidhi kazi bila ya elimu ya kazi hiyo. Tajiri asiulize "amekosa nini?" kabla hajajiuliza "nimemfundisha nini?" Mtu wa namna hii kumfukuza ni dhulma, na ni hasara pia, kwani atakayekuja baada yake naye hatajua.

Asiyeweza ni yule ambaye amefundishwa, na ana nia, lakini kazi imemshinda; au aliiweza zamani, kisha umri au maradhi yakamwondolea nguvu. Kwanza na atafutiwe mahali pengine pamfaapo. Mchukuzi aliyeumia mgongo aweza kuwa mlinzi wa ghala. Muuzaji asiyejua maneno matamu ya wateja aweza kuwa hodari wa kupanga bidhaa. Katika maradhi, sheria yenyewe imempa mtumishi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku zisizopungua saba za mshahara kamili, na saba nyingine za nusu mshahara, katika kila miezi 12. Na hicho ni kiwango cha chini, hakuna aliyekatazwa kuzidisha. Ikiwa hakuna mahali pengine, na kazi haiwezekani, basi kuachana kwafaa. Lakini kuwe ni kuachana kusiko na aibu. Mtu huyu hakufanya kosa. Amefikwa na jambo. Aambiwe hivyo mbele yake, na watu waambiwe hivyo nyuma yake. Na aliyetumika miaka 30, akaufungua mlango wa duka tangu mwenye duka akiwa mtoto wa shule, huyo ana haki juu ya moyo wa tajiri ambayo hakuna kifungu cha sheria kiwezacho kuipima.

Wa tatu ni asiyetaka: ajua, na aweza, lakini hafanyi. Huja amechelewa, huacha kazi nusu, huwajibu wateja kwa jeuri. Huyu haki yake ni kuonywa. Na hapa pana maradhi yetu sisi watu wa pwani ambayo yafaa tuyaseme wazi. Sisi huona haya kumwambia mtu kosa lake usoni. Tajiri hulalamika kwa mkewe, hulalamika barazani baada ya magharibi, huwaambia wauza maduka wenzake, na mji mzima hujua kuwa fulani ni mvivu. Wa mwisho kujua ni fulani mwenyewe. Miezi sita hupita, moyo wa tajiri hujaa, na siku moja kwa jambo dogo, kikombe kilichovunjika au mteja aliyengojeshwa, hupasuka na kumwambia, "Toka!" Mtumishi hushangaa, na ana haki ya kushangaa, maana kwa alivyoona yeye amefukuzwa kwa sababu ya kikombe.

Kuguna si kuonya. Kununa si kuonya. Mzaha wenye mwiba ndani yake si kuonya, wala kumtuma mtu wa tatu "akamguse kidogo." Onyo ni kumwita mtu faragha, ukamwambia kosa lake kwa jina lake na kwa siku zake: "Juma hili umekuja saa nne mara tatu." Kisha ukamsikiliza, kwani huenda pana sababu usiyoijua: mgonjwa nyumbani, au safari ndefu ya kuvuka kivuko cha Likoni kila asubuhi. Kisha mkaafikiana litakalobadilika na muda wake. Kisha ukaandika, ukampa nakala, ukabaki na nakala. Mtu aliyeonywa namna hii, akapewa muda wake, akarudia yale yale, huyo amejitoa mwenyewe. Tajiri amebakiwa na kulitamka tu. Na wengi, tukisema kweli, hawafiki huko. Hutengenea, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao mtu kuwaambia kwa heshima lililo baya.

Wa nne ni asiyeaminika: mwenye kuiba, au kupunja mizani, au kuuza siri za duka. Kwake muda ni mfupi, kwani khiana haifundishwi wala haingojwi ipungue. Lakini kadiri muda ulivyo mfupi, ndivyo ushahidi upasavyo kuwa mzito. Hesabu ikipungua si lazima pawe na mwizi. Huenda mali ilihesabiwa vibaya ilipoingia. Huenda mkopo wa mteja haukuandikwa. Huenda mwenye duka mwenyewe alichukua pesa ya sokoni akasahau. Katika mji mdogo, neno "mwizi" likishatamkwa haliokoteki. Litamfuata yule kijana hadi kwenye posa yake, na litawafuata wanawe. Mwenye kulitamka kwa dhana ameua kitu asichoweza kukifufua.

Yafaa hapa tukumbuke kisa cha Sayyidna Umar na Saad bin Abi Waqqas. Saad alikuwa gavana wa Kufa, naye ni mmoja wa masahaba wakubwa na jemadari wa vita vya Qadisiyya. Watu wa Kufa walimshitaki kwa Umar, hata wakadai kuwa hajui kuswalisha. Imepokewa kwamba Umar alimwuzulu, akamweka Ammar. Lakini tutazame aliyoyafanya pamoja na kumwuzulu. Alimwita akamwuliza mwenyewe, akamsikiliza jibu lake. Akatuma watu wende Kufa wakaulize msikiti baada ya msikiti, na watu wakamsifu, ila mtu mmoja aliyesimama akamsema vibaya. Kisha, alipokuwa kitandani mwa mauti mwaka wa 644, Umar alimtaja Saad miongoni mwa watu sita ambao khalifa atachaguliwa kati yao, akaeleza kuwa hakumwuzulu kwa udhaifu wala kwa khiana.

Mtu asije akakichukua kisa hiki akasema, "Basi hata asiye na kosa aweza kufukuzwa." Ugavana ni amana ya umma, huwekwa na huondolewa kwa kutazama amani ya watu wanaotawaliwa. Ujira wa mwenye kuchuma chakula cha wanawe si kama ugavana. Tunalolipata katika kisa hiki ni mambo matatu: kwamba mshitakiwa huulizwa mwenyewe, kwamba habari hutafutwa kwa wenye kujua, haichukuliwi kwa mpiga kelele mmoja, na kwamba mtu akiondolewa bila ya kosa, mwenye kumwondoa ana wajibu wa kulisafisha jina lake kwa kinywa chake mwenyewe.

Nayo sheria ya nchi yetu imekuja na mambo yaliyo karibu sana na hayo. Kifungu cha 41 cha ile Sheria ya 2007 chamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa ubaya wa mwenendo, au kwa kazi duni, au kwa kukosa uwezo wa mwili, amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu, na mtumishi awe pamoja na mwenzake au mwakilishi wa chama chake amtakaye, na maneno yao yasikilizwe. Hata makosa makubwa ya kufukuzwa papo hapo, yaliyotajwa katika kifungu cha 44, kama vile kutoroka kazini, kulewa, kutukana, kukataa amri ya halali, au kuibia mwajiri, hayakuondoa haki hiyo ya kusikilizwa. Mtu wa mshahara wa mwezi apewe ilani ya siku 28, au mshahara wa muda huo, isipokuwa katika kufukuzwa kwa kosa kubwa. Wakiondolewa watu kwa sababu kazi imepungua, na si kwa kosa, wana haki ya malipo yasiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka waliotimiza. Na mzigo wa kuthibitisha sababu uko juu ya mwajiri. Akishindwa, mahakama yaweza kumtoza hadi mishahara ya miezi 12. Wafanya biashara wengi hulijua hili siku waitwapo mahakamani. Lingekuwa kheri kwao walijue siku ya kuajiri.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 46, imezitaja sababu zisizokuwa sababu: mimba, dini, kabila, kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, au kumshitaki mwajiri. Na hapa twataka tuseme neno kwa watu wetu. Sisi tukikataliwa na mwajiri ruhusa ya swala ya Ijumaa hulia dhulma, na tuna haki ya kulia. Lakini je, yule kijana wa bara asiyekuwa wa dini yetu, anayefagia katika maduka yetu, twampima kwa kipimo kile kile tunachotaka kupimwa nacho? Yeye akikosa mara moja hutoka, na mwana wa jirani yetu akikosa mara kumi husemwa kuwa "ni mtoto, atakua." Mizani yenye vyuma viwili tofauti, kimoja cha kununulia na kimoja cha kuuzia, twaijua hukumu yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye fundo lililo gumu kuliko yote, nalo ni jamaa. Maduka yetu mengi hayana watumishi. Yana watoto wa ndugu. Mjomba amemchukua mpwawe kwa kuombwa na dadake, na mpwa ajua kuwa hatolewi. Wahenga walisema, akipenda, chongo huita kengeza. Kasoro ambayo kwa mgeni ingekuwa sababu ya kufukuzwa, kwa mpwa huwa ni "tabia yake tu." Na watumishi wengine huona, na kimya chao si ridhaa. Wako wajomba waliopoteza maduka kwa njia hii, kisha wakampoteza na dada pia, maana duka lilipoanguka kila mmoja alimlaumu mwenzake. Shauri letu ni jepesi kulisema na zito kulitenda: usimwajiri ambaye huwezi kumwachisha. Kama wataka kumsaidia mtoto wa dadako, mlipie karo, mpe mtaji, mfundishe kazi. Lakini ukimweka kazini mweke kwa mapatano ya kazi, mshahara wake na saa zake zijulikane, na dadako aambiwe mapema kuwa kazini hakuna mjomba wala mpwa.

Kuna njia moja nyingine ambayo wengi huikimbilia, nao hudhani kuwa ni busara. Tajiri asiyetaka kumwambia mtu "toka" humfanyia vituko ili atoke mwenyewe. Humnyima kazi aliyokuwa akiifanya, humsimamisha mlangoni, humkaripia mbele ya wateja, humcheleweshea mshahara. Halafu mtu akichoka akaondoka, tajiri husema, "Mimi sikumfukuza; alitaka mwenyewe." Huu ni woga uliovishwa nguo ya upole. Kufukuza kwa haki ni jambo la siku moja. Hili ni kufukuza kwa miezi mitatu, kila siku kidogo, na mwishowe mtu hutoka bila ya ilani, bila ya malipo, na nafsi yake imevunjika. Lau tungeulizwa lipi baya zaidi, kumwambia mtu kweli chungu mara moja au kumtesa ili aiseme yeye, hatungesitasita kujibu.

Basi ikisha kuthibiti kuwa kuachana ndiyo haki, kuna adabu zake. Tajiri aseme mwenyewe, asimtume karani. Aseme faragha, kwa maneno machache, na sababu iwe ile ile aliyokwisha onywa nayo, isiwe mpya. Alipe haki zote siku hiyo: mshahara wa siku alizofanya, likizo asiyoichukua, na malipo mengine yampasayo, kwani ikiwa tumefundishwa kumlipa mtu wa kazi kabla jasho lake halijakauka, vipi kwa yule anayeondoka asijue pa kwenda? Ampe cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake kwa kifungu cha 51. Na kabla hajatoka amshukuru kwa lililokuwa zuri, maana ni nadra mtu kukosa lililo zuri.

Kisha huja lile suala la baadaye: mfanya biashara mwingine ataka kumwajiri yule mtu, naye aja kuuliza. Tusemeje? Wengine humpaka mtu matope, na wengine humsifu kwa uwongo ili wawe wema. Haki ni katikati. Anayeuliza kwa kutaka kumkabidhi mtu amana yake ana haki ya kuambiwa kweli, wala si katika kusengenya. Lakini kweli hiyo ni ile uliyoiona na kuithibitisha, si ile uliyoidhani, na iwe kwa kadiri ya haja. Kama kosa lake lilikuwa ni kuchelewa, sema kuchelewa, usiongeze. Na asiyeuliza, mfichie mwenzako sitara yake.

Twajua kuwa yuko atakayesema, "Yote haya ni mazuri, lakini yule mtu ana watoto, na karo ni ghali, na kazi hazipatikani. Moyo wangu haunipi." Hatumlaumu mwenye moyo huo, Mungu amzidishie. Twamwambia tu kwamba huruma ina mahali pake pengi kabla ya kufika pale pa kuidhulumu kazi. Mhurumie kwa kumfundisha. Mhurumie kwa kumwonya mapema, wakati angali aweza kutengenea, maana kumnyamazia mtu hadi atoke ni ukatili ulio mkubwa. Mhurumie kwa kumwongezea mwezi juu ya ilani ya sheria, na kwa kumtafutia kazi kwa rafiki yako baada ya kumweleza rafiki kweli yake. Hizo zote ni huruma za mfuko wako na wakati wako. Ile iliyo katika mgongo wa watumishi wenzake, au katika haki ya wateja, au katika miaka ya watoto wa chuo, hiyo si yako kuitoa.

Kwa hiyo, ndugu yetu uliye na watu chini ya mkono wako, siku utakapotaka kumtoa mmoja wao, au siku utakapotaka kumwacha, jiulize mambo haya matano kabla hujatamka. Je, alijua linalotakiwa kwake, na ni nani aliyemfundisha? Je, aliambiwa kosa lake usoni, akapewa muda? Je, nimemsikiliza, na hili nilijualo ni yakini au ni dhana? Je, lau angekuwa mwanangu, au lau mwanangu angekuwa ni yeye, hukumu yangu ingekuwa hii hii? Na ni nani anayelipa gharama ya uamuzi wangu, mimi au mtu ambaye sikumwuliza? Ukiyajibu matano haya kwa insafu, hutapotea mbali. Aliyeyajibu akamtoa mtu, hakumdhulumu. Na aliyeyajibu akambakisha, hakuwa dhaifu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.